Mume Wangu na Kaka Yangu Hawasemezani kwa Sababu ya Mchezaji wa Braves

BARUA

Shangazi, hujambo? Mimi ni muuguzi, naishi Marietta katika jimbo la Georgia, Marekani, pamoja na mume wangu na watoto wetu. Kwetu ni Uasin Gishu, Kenya. Wapo watakaosema jambo hili ni dogo. Nyumbani kwangu limetufikisha mahali ambapo ndugu wanapishana mlangoni bila salamu.

Tulipohamia huku hatukujua chochote kuhusu besiboli. Kifungua mimba wetu ndiye aliyetuingiza. Alianza kuicheza shule ya msingi, na sasa ana miaka 16, yumo kwenye timu ya shule ya upili, anacheza uwanja wa nje upande wa kushoto. Truist Park, uwanja wa timu ya Atlanta Braves, uko katika kaunti yetu hii hii ya Cobb, basi tukawa mashabiki wa kweli. Mwaka 2021 Braves walipowashinda Houston Astros na kutwaa World Series, yaani ubingwa wa ligi kuu ya besiboli, sebule yetu ilijaa watu wa kanisa na wa chama. Kaka yangu, ambaye anaishi karibu nasi, ndiye aliyechoma nyama. Siku hizo yeye na mume wangu walikuwa hawaachani.

Mwaka 2025 waliachana. Januari Braves walimsajili Jurickson Profar kwa miaka mitatu, dola milioni 42. Machi 31, msimu haujatimiza hata wiki, ligi ikatangaza kwamba amepatikana na homoni ya hCG mwilini, iliyokatazwa kwa wachezaji kwa sababu huongeza testosteroni, homoni ya kiume, na amefungiwa mechi 80. Profar alisema hakuitumia kwa kujua, lakini akakubali adhabu. Kaka yangu alikasirika kama mtu aliyeibiwa mfukoni. Akasema Braves walipaswa kurarua mkataba siku ile ile. Julai, Profar aliporudi uwanjani, kaka alizima televisheni yetu mbele ya wageni. Mume wangu akaiwasha. Hapo ndipo maneno yalipoanza.

Mume wangu anasema mtu huyo amekaa nje bila mshahara, amemaliza adhabu, aachwe acheze. Kwake yeye tatizo ni uongozi. Walimwacha Freddie Freeman akaenda Dodgers, wakamwacha Dansby Swanson akaenda Cubs, kisha wakamwacha mrushaji Max Fried akaenda Yankees, na fedha wakaziweka kwa mchezaji mmoja tu. Matokeo tumeyaona: ushindi 76, vipigo 86, nafasi ya nne katika kundi, mara ya kwanza kukosa mechi za mtoano tangu 2017. Hata kocha Brian Snitker amepumzika.

Kaka yangu naye ana historia yake. Alikuwa mkimbiaji. Alifanya mazoezi Iten, mji wa wakimbiaji huko kwetu, miaka mingi, akapata nafasi ya kukimbia marathoni Ulaya, akamaliza nyuma ya mtu ambaye baadaye alifungiwa kwa kutumia pufya, yaani dawa haramu za kuongeza nguvu. Zawadi ile hakuipata, na mwaliko mwingine haukuja. Leo anaendesha lori. Anasema Mkenya akikamatwa anafungiwa miaka minne na maisha yake yanaishia hapo, lakini huyu anakaa nje miezi mitatu, anarudi anapigiwa makofi.

Siku ile mume wangu alimwambia: "Wewe ulishindwa mbio zako, usituletee uchungu wako hapa." Tangu hapo hawasemezani. Kikundi chetu cha WhatsApp cha familia kimegawanyika, wajomba walioko Eldoret ambao hawajawahi kuona mechi moja ya besiboli nao wamechukua upande.

Ningevumilia hayo yote, Shangazi. Kilichonifanya nikuandikie ni mtoto. Majuzi alinijia jikoni akasema: "Mama, Profar mwaka 2024 alicheza kwa dola milioni moja. Halafu akapewa 42. Wamemkata mechi 80. Si bado amefaidika?" Kabla sijapata jibu akaniomba nimnunulie chupa ya vidonge vya kuongeza testosteroni ambavyo wenzake wanaagiza mtandaoni. Nilikataa. Nikamweleza kitaalamu, maana hCG naijua, ndiyo ile tunayoitafuta kwenye mkojo wa mama tunapopima mimba. Alinijibu "sawa Mama" kwa sauti ya mtu ambaye hajasikia. Mjomba wake amemwambia wote wanatumia, tofauti ni nani ameshikwa. Baba yake amemwambia akishatumikia adhabu yamekwisha. Sijui kati ya maneno hayo mawili ni lipi litakalomharibu.

Naomba uniambie ni nani kati yao aliye sahihi, nimjibu vipi kijana, na nitawapatanishaje hawa wawili kabla mama yetu hajaja kututembelea Desemba.

Mama wa Marietta

JIBU

Mwanangu, nianze na kijana, kwa sababu hao wawili ni watu wazima, wanaweza kungoja.

Usimwambie kwamba hesabu yake ni ya kijinga. Tarakimu alizokupa ni za kweli. Profar alicheza msimu wa 2024 na San Diego Padres kwa dola milioni moja, akapiga homu rani 24 (mpira unaopigwa hadi nje ya uwanja), akachaguliwa All-Star, kikosi cha nyota wa ligi, kwa mara ya kwanza. Mkataba wa Braves ulimpa milioni 12 mwaka wa kwanza, kisha 15 na 15. Mechi 80 bila malipo zimemtoa karibu milioni 6. Zilizobaki bado ni nyingi. Hakuna anayeweza kusema alianza lini kutumia wala kwamba dawa ndiyo iliyompigia zile homu rani, na hilo mwambie pia. Lakini ukikana hesabu yenyewe atajua unamficha, na siku nyingine hatakuja jikoni kukuuliza. Amekuja. Hilo lenyewe nakupongeza.

Kisha umweleze kwamba hesabu hiyo ilishapigwa na wachezaji wenyewe, na iliwakasirisha. Mwaka 2013 Jhonny Peralta alifungiwa mechi 50. Novemba mwaka huo huo St. Louis Cardinals wakampa miaka minne kwa dola milioni 53. Mrushaji Brad Ziegler alilalamika hadharani kwamba udanganyifu unalipa. Ziegler hakuwa mwandishi wala mwenye timu, alikuwa mchezaji kama Peralta. Miezi michache baadaye, kabla ya msimu wa 2014, chama cha wachezaji na ligi walikubaliana kuongeza adhabu: kosa la kwanza kutoka mechi 50 hadi 80, la pili kutoka 100 hadi msimu mzima wa mechi 162, la tatu kufungiwa kabisa. Wakaongeza kwamba aliyefungiwa hatacheza mtoano wa mwaka huo hata kama amemaliza adhabu. Kifungu hicho nacho kina chanzo chake. Mwaka 2012 Melky Cabrera alikuwa nyota wa San Francisco Giants, alishinda tuzo ya mchezaji bora wa mechi ya All-Star, akafungiwa Agosti, na adhabu yake ikaisha wakati wa mtoano. Kanuni ilimruhusu kurudi. Giants walikataa kumrudisha, na wakatwaa ubingwa bila yeye.

Ukifuatilia nyuma zaidi utaona njia ile ile. Upimaji wa kwanza, mwaka 2003, ulifanywa bila kutaja majina, ili tu kujua kama tatizo lipo. Walipopatikana zaidi ya asilimia 5, upimaji wa kweli ukaanza 2004. Mwaka 2005 kosa la kwanza lilikuwa siku 10. Mwaka uliofuata likawa mechi 50. Adhabu imekuwa ikipanda, na mara nyingine waliosukuma ni wale wanaoamka asubuhi kunyanyua vyuma kwa jasho lao, wanaogopa nafasi zao zisichukuliwe na mtu mwenye sindano. Kama wote wangekuwa wanatumia, nani kati yao angekubali kujiongezea adhabu?

Sasa mlete kwenye hali yake yeye mwenyewe. Profar ana mkataba mkononi, na mkataba huo unalindwa. Kijana wako hana chochote bado. Akienda chuo kikuu akapimwa na NCAA, chama cha michezo ya vyuo, akapatikana na dawa ya aina hii, anafungiwa mwaka mzima na anapoteza msimu mmoja wa haki yake ya kucheza. Kijana mwenye misimu minne tu, anayetegemea ufadhili ule ule umsomeshe, hana pa kuupata tena mwaka uliopotea. Na wengi wa waliofungiwa katika besiboli ya Marekani tangu upimaji uanze hawakuwa mamilionea. Walikuwa vijana wa ligi ndogo, wengi kutoka Jamhuri ya Dominika na Venezuela, wanaolipwa kidogo, ambao majina yao mimi na wewe hatukuyasikia kabla wala baada. Hesabu ya milioni 42 inawahusu wachache mno. Aifanye upya kwa mtu wa miaka 16 asiye na mkataba, aone jibu linatoka nini.

Kuhusu chupa, umekataa vyema, lakini usiishie kukataa. Hapo Marekani virutubisho vya aina hiyo huuzwa bila FDA, mamlaka ya chakula na dawa, kuvithibitisha kwanza kuwa ni salama au vinafanya kazi, na zaidi ya mara moja FDA imeonya kwamba vingine vimekutwa na steroidi ambazo hazikuandikwa kwenye karatasi ya chupa. Kama kijana anataka kirutubisho chochote, hata unga wa protini, ununuliwe wewe ukiwepo, wenye alama ya NSF Certified for Sport, inayoonyesha umepimwa na hauna dawa zilizokatazwa, alama ambayo ligi kuu yenyewe inawaelekeza wachezaji wake waitafute. Na ajue kwamba "sikujua" haimwokoi mtu. Fernando Tatis Jr. wa Padres alikuwa na mkataba wa dola milioni 340 Agosti 2022 alipokutwa na steroidi iitwayo Clostebol. Alieleza kwamba ilitoka kwenye dawa ya kutibu mashilingi ya ngozi. Alifungiwa mechi 80 kama mwingine yeyote. Oktoba ile Padres waliwatoa Mets, wakawatoa Dodgers walioshinda mechi 111, wakafika fainali ya ligi yao, na yeye hakuruhusiwa kucheza hata moja.

Mambo ya mwili nakuachia wewe, kwa kuwa ni kazi yako. Ila usiyaseme kwa lugha ya wodini. Mwambie waziwazi kwamba homoni za nje zikiingia, korodani zake zenyewe zitapunguza kazi, na mifupa inaweza kuacha kukua kabla ya wakati. Mvulana wa umri huo anaweza kupuuza habari ya ini. Habari ya urefu wake na uanaume wake ataisikiliza. Kisha mwone kocha wake wa shule, umwambie kuna vidonge vinavyozunguka kwenye timu. Usimtaje mwanao wala mtoto wa mtu. Kocha anapaswa kujua, na wazazi wengine wanapaswa kuambiwa.

Nije kwa watu wazima wako.

Kaka yako anataka mkataba uraruliwe. Braves hawana ruhusa. Mpango wa dawa za kulevya na pufya katika ligi kuu ni makubaliano kati ya ligi na chama cha wachezaji, na unasema wazi kwamba mamlaka ya kumwadhibu mchezaji kwa kosa hilo ni ya ofisi ya kamishna peke yake. Timu haiwezi kuongeza adhabu yake juu yake. Kwa hiyo asimlaumu meneja mkuu Alex Anthopoulos kwa jambo ambalo hakuachiwa kuliamua.

Lakini swali lake kuhusu miaka minne na miezi mitatu ni swali zito, na mume wako hajalijibu. Mwanariadha wa Kenya anafuata kanuni za WADA, shirika la kimataifa la kupambana na pufya, ambapo kosa la kwanza la dawa kama steroidi, pasipo sababu ya kupunguziwa, ni miaka minne. Ligi kuu ya besiboli haimo katika kanuni hizo. Wachezaji wake wana chama chenye nguvu, kilichojengwa na Marvin Miller tangu 1966, na kila adhabu inajadiliwa mezani kama mshahara unavyojadiliwa. Mkimbiaji wa Iten hana meza hiyo. Anaamka alfajiri, anakimbia, anapokea kanuni zilizoandikwa mbali na kwake. Kwa hiyo mwili mmoja, dawa moja, na bei mbili tofauti, na kinachotofautisha ni nani alikuwa na mtu wa kumsemea. Kaka yako akikasirikia hilo, namuunga mkono. Kwa maoni yangu, mechi 80 ni chache mno kwa mtu mwenye mkataba wa miaka mitatu. Ningependa kosa la kwanza liwe msimu mzima. Wakati huo huo ningependa mkimbiaji wa Kenya apate chama cha kumtetea anapodai kwamba dawa ilichanganyika na chakula au tiba.

Mume wako yuko sahihi kwamba Profar siye aliyezamisha msimu. Wakati adhabu inatangazwa, Braves walikuwa wameshapoteza mechi zote nne za San Diego. Wakaenda Los Angeles wakapoteza tatu nyingine, saba bila ushindi. Ronald Acuña Jr. hakurudi kutoka kwenye jeraha la goti hadi Mei. Halafu warushaji wakaanza kuanguka mmoja baada ya mwingine: Reynaldo López bega baada ya kuanza mechi moja tu, AJ Smith-Shawver kiwiko, Chris Sale mbavu, Spencer Schwellenbach kiwiko, Grant Holmes kiwiko. Timu gani ingesimama? Profar aliporudi alipiga homu rani 14 katika nusu msimu, lakini kwa wakati huo msimu ulikuwa umeshawaponyoka.

Pale mume wako anaposema uongozi haufai, hapo namkatalia. Anthopoulos ndiye aliyejenga ule ushindi mliouchomea nyama. Julai 2021 Acuña alipochanika kano ya goti, wengi walisema mwaka umekwisha. Akawaleta Joc Pederson, Jorge Soler, Eddie Rosario na Adam Duvall, wanne wa uwanja wa nje ndani ya mwezi mmoja. Rosario akawa mchezaji bora wa fainali ya ligi, Soler akawa mchezaji bora wa World Series. Freeman alipoondoka alikuwa amemleta Matt Olson, ambaye mwaka 2025 alicheza mechi zote 162. Sale alimpata kwa kumtoa Vaughn Grissom, na 2024 Sale akashinda Cy Young, tuzo ya mrushaji bora. Drake Baldwin, mdakaji kijana, alitajwa Novemba 2025 mchezaji bora chipukizi wa National League, mojawapo ya ligi mbili zinazounda ligi kuu. Walt Weiss aliyechukua nafasi ya Snitker hakuokotwa njiani, amekaa kwenye benchi lile miaka mingi.

Kosa la uongozi lipo, na ni moja. Fried aliondoka, mrushaji mwingine Charlie Morton akaondoka, na usajili mkubwa wa majira yale ya baridi ukawa mtu mmoja, Profar. Mtu huyo alipotoka, nafasi ya kushoto ikajazwa na Alex Verdugo aliyesajiliwa Machi, na Verdugo hakupiga homu rani hata moja kabla ya kuachwa. Ukiweka mayai yote kapu moja huwezi kumlaumu aliyejikwaa pekee, mlaumu pia aliyepakia. Hapo mimi na mume wako tunakubaliana.

Tena mwambie jambo hili kuhusu mji anaoushangilia. Aprili 8, 1974, Hank Aaron wa Braves alipiga homu rani ya 715 hapo Atlanta na kumpita Babe Ruth aliyekuwa na rekodi, baada ya miezi ya barua za chuki na vitisho vya kuuawa kwa sababu alikuwa mtu mweusi anayekaribia rekodi ya mzungu. Alimaliza na 755. Mwaka 2007 Barry Bonds alimpita, katikati ya kesi na tuhuma za steroidi, na hadi leo Bonds hajaingizwa Hall of Fame, jumba la heshima la besiboli. Atlanta kuna wazee ambao kwao namba ni 755 na itabaki 755. Mume wako anadhani kaka yako ameleta uchungu wa Iten mahali usipohusika. Uchungu huo ulikuwapo Georgia kabla nyote hamjashuka kwenye ndege. Mwaka 2025 kanuni ilimruhusu Profar kurudi uwanjani, na alicheza. Kanuni haijasema shabiki apige makofi. Kaka yako ana haki ya kukaa kimya Profar akiingia kupiga.

Hana haki ya kuzima televisheni nyumbani kwa watu. Hilo akuombe radhi wewe, mwenye nyumba.

Na mume wako ana deni kubwa zaidi. Kumwambia mtu aliyekimbia bila dawa kwamba "ulishindwa" ni kumnyang'anya mara ya pili. Yule wa kwanza alimnyang'anya zawadi, shemeji yake amemnyang'anya heshima, tena mbele ya mpwa wake. Aende kwa kaka yako mwenyewe, kwa miguu yake, asitume ujumbe wa simu. Akifika asimtaje Profar wala Braves. Aseme: "Shemeji, neno lile kuhusu mbio zako halikuwa la kweli, nimekuja kulifuta." Mengine yote kuhusu kikosi wanaweza kuendelea kubishana hadi uzeeni, na ningependa waendelee, kwa sababu mashabiki wanaobishana kuhusu kikosi wana timu wanayoipenda pamoja.

Wewe toka kwenye ubishi wa WhatsApp. Usijibu, usisuluhishe, usifafanue. Wajomba wa Eldoret wakikosa wa kuwajibu watahamia kwenye siasa.

Nimekiacha mwisho kwa makusudi kile ninachokiona kuwa ndicho dawa ya nyumba yako. Kaka yako anamwambia kijana kwamba wote wanatumia. Yeye je? Alikimbia miaka yote ile Iten, aliziona sindano au alizisikia, alijua kinachotokea, na hakutumia. Kila anaposema "wote" anajifuta mwenyewe, na kijana anamfuta pia bila kujua. Mwombe kaka yako amchukue mpwa wake siku moja, wawili tu, amsimulie mbio zile kuanzia mwanzo: mazoezi, safari, namna alivyomaliza, siku aliposikia yule mwenzake amefungiwa, na zawadi ambayo haikuja. Asimfundishe chochote. Amsimulie tu, na kijana aulize anachotaka, hata swali la fedha, hata lile la kama anajuta. Kaka yako ajibu ukweli wake, hata kama kuna siku anajuta. Mimi siogopi jibu hilo. Kijana amesikia habari nyingi za watu waliotumia wakalipwa mamilioni, na anamjua kwa karibu mtu mmoja ambaye hakutumia, lakini hajawahi kusikia habari zake.

Fanya hivyo kabla mama hajafika Desemba. Anza na mume wako, leo jioni ukiweza, maana bila yeye kwenda kuomba radhi kaka yako hatakuwa na moyo wa kusimulia. Ukishamaliza niandikie tena, hasa unieleze kijana alisema nini kuhusu ile chupa.